Vipandikizi vya jerania vinaoza shina kabla ya kutoa mizizi: nakosea wapi?

Ua_la_Njiro (Arusha)

Habari za jioni wadau wa bustani. Naomba msaada kuhusu jerania, ile ya kawaida ya maua mekundu, jani la mviringo lenye mkanda mweusi katikati. Nilikata matawi 12 yenye urefu wa kama sentimita 15, nikayachomeka saa ileile kwenye vikopo vya mtindi vilivyotobolewa chini. Udongo ni wa bustanini, nusu kwa nusu na samadi ya ng'ombe. Juu nikafunika kwa nailoni angavu kama tunavyofanya kwa waridi, na maji nilimwagia asubuhi na jioni.

Siku ya nane mashina 10 yamekuwa meusi na laini kuanzia chini, weusi unapanda, majani yamegeuka manjano. Mawili bado yamesimama lakini hayana mizizi. Mmea mama nao una madoa ya manjano juu ya majani, na ukigeuza jani unakuta unga wa kahawia.

Naomba kujua: kosa ni udongo, maji, au nailoni? Je, bila homoni ya mizizi haiwezekani? Na ule mmea mama unafaa kukatwa tena, au una ugonjwa?

---

Kitalu_Soni (Lushoto)

Karibu sana. Umeeleza vizuri, kwa hiyo jibu si gumu. Shina jeusi, laini, linalong'aa kama limepakwa mafuta, na weusi unaopanda kutoka chini kwenda juu: huo ni ugonjwa wa mguu mweusi, na mara nyingi chanzo chake ni vimelea wa udongoni wa jamii ya Pythium. Mbegu zao huogelea kwenye maji yaliyojaa katikati ya chembe za udongo. Pasipo maji yaliyotuama hawaendi mbali.

Sasa angalia ulivyowapokea. Udongo wa bustanini haukuchomwa, kwa hiyo wamo. Samadi nusu nzima imeshika maji kama sifongo, na kama haikuiva vizuri chumvi yake imeunguza kidonda cha shina. Maji mara mbili kwa siku yamefukuza hewa yote. Nailoni imezuia hata kile kidogo ambacho kingekauka. Kosa si moja, ila yote yana jina moja: unyevu.

Jerania si waridi. Asili yake ni Afrika Kusini, kwenye vilima vya mawe na miezi mirefu isiyo na mvua, na shina lake limejengwa kuhifadhi maji. Livunje uone lilivyojaa. Kipandikizi cha waridi kikiachwa wazi kinakauka kwa sababu hakina akiba, ndiyo maana kinafunikwa. Cha jerania kinatembea na kibuyu chake. Kifikirie kama pingili ya muhogo: mkulima hukata, huacha utomvu ukauke kivulini, ndipo anapanda, na hakuna anayefunika muhogo kwa nailoni.

Utaratibu unaofaa ni huu. Siku moja kabla, mwagilia mmea mama vizuri ili matawi yawe na nguvu. Asubuhi chagua ncha za matawi yasiyo na maua, zilizo kijani na ngumu kiasi. Tawi likipindika kama mpira bado ni changa mno, na likiwa limeshakuwa kahawia kama mti litachelewa sana. Urefu ni sentimita 8 hadi 10, si 15. Kipandikizi kirefu kina majani mengi yanayodai maji kutoka kwenye mizizi ambayo haipo.

Kata kwa wembe mpya au kisu kikali kilichopanguswa kwa spiriti, milimita 3 hivi chini ya kifundo, yaani pale jani linapoota kwenye shina. Pangusa tena kila unapohamia mmea mwingine. Mkasi butu unasaga shina badala ya kulikata, na pale palipopondeka ndipo uozo unaanzia. Ondoa majani yote ya chini, ubakize mawili au matatu ya juu. Toa kila tumba la ua hata kama ni dogo kama punje ya mtama, kwa sababu ua linakula akiba ya shina. Halafu kuna kitu ambacho wengi hawakioni: kila kifundo kina vijani viwili vyembamba kama magamba, pembeni mwa kikonyo cha jani. Vibandue vyote vitakavyoingia udongoni. Hivyo ndivyo vinavyooza kwanza na kuambukiza shina.

Baada ya hapo vilaze kivulini, penye hewa, juu ya gazeti. Saa 6 zinatosha siku ya jua, na vikilala usiku kucha hakuna ubaya. Vitalegea kidogo, usiogope. Unachosubiri ni kidonda kifunge: ukigusa sehemu iliyokatwa iwe kavu, isinate.

Chombo kiwe kidogo, upana wa sentimita 7 hadi 9, chenye matundu ya kutosha. Kikopo chako cha mtindi kinafaa, ila toboa matundu manne au matano, si moja. Jaza mchanga mkubwa wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke safi, uchanganye sawa kwa sawa na kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi. Kama kokopiti hupati, tumia kokoto nyepesi za volkano, wengine huziita pumisi, zilizochekechwa ziwe na ukubwa wa punje ya mchele hadi ya mahindi. Pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi nazo zinafaa badala ya kokopiti. Samadi hapana, mboji hapana, mbolea ya aina yoyote hapana. Kipandikizi hakina mdomo bado.

Toboa shimo kwanza kwa kalamu, usikilazimishe kipandikizi chenyewe kutoboa. Zamisha sentimita 2 hadi 3, hakikisha kifundo kimoja kipo chini, bana kwa vidole. Mwagilia mara moja mpaka maji yatoke chini, kisha weka penye mwanga mwingi usio wa jua kali. Humwagilii tena mpaka sentimita 2 za juu ziwe kavu kabisa. Kwa hali ya hewa ya Arusha hiyo inaweza kuwa siku 4, inaweza kuwa 6. Jani la chini likigeuka manjano ling'oe pamoja na kikonyo chake, lisiangukie kwenye mchanga.

Wiki 2 hadi 4 mizizi inatoka kama mchanga una joto la nyuzi 20 hadi 24. Mwezi wa Julai, usiku ukishuka hadi nyuzi 12, hesabu wiki 5 au 6.

---

Shambani_Tukuyu

Naongeza kuhusu mmea mama, maana hapo kuna jambo ambalo usipolimaliza utazalisha ugonjwa badala ya maua. Madoa ya manjano juu na unga wa kahawia chini ni ugonjwa wa kuvu uitwao kutu ya jerania. Ukiangalia kwa makini utaona ule unga umejipanga kwa duara, duara ndani ya duara. Hakuna ugonjwa mwingine wa jerania wenye alama hiyo. Jina lake la kitaalamu ni Puccinia pelargonii-zonalis, na unapenda hasa hii jerania ya jani lenye mkanda. Ile inayotambaa, yenye jani nene linalong'aa, hushambuliwa kwa nadra sana.

Unga huo ni mbegu zake. Zinapeperushwa na upepo, zinarushwa na matone ya maji, na zinahitaji jani liwe na umande kwa saa kadhaa ndipo ziote. Ndiyo maana anayemwagilia jioni kwa kunyunyizia juu hana raha. Tangu mbegu iote hadi doa jipya lionekane zinapita siku kama 10 hadi 14. Kwa hiyo jani unaloliona safi leo linaweza kuwa limeshaambukizwa.

Usikate vipandikizi sasa. Toa kila jani lenye doa, hata moja tu, uliweke kwenye mfuko papo hapo bila kulikung'uta, kisha choma au fukia. Lisiende kwenye mboji. Mmea ukibaki na vijiti vitupu usihuzunike, utachipua. Usogeze mbali na wenzake, nafasi ya sentimita 30 pande zote ili upepo upite, mwagilia udongo tu, na iwe asubuhi. Dawa ya kuvu iitwayo mankozebu inalinda majani mapya, haiponyi yaliyoshikwa. Fuata kipimo cha kwenye pakiti na vaa glavu. Ukikaa wiki 4 bila doa jipya, hapo kata vipandikizi.

---

Fundi_Naivasha

Salaam wenzangu. Nakubaliana na mengi aliyoandika Kitalu_Soni, lakini hili la kukausha usiku kucha lisichukuliwe kama sheria. Kenya inasafirisha vipandikizi vya jerania visivyo na mizizi kwenda Ulaya kila msimu, vinaoteshwa mizizi huko wakati wa baridi ili wauze maua majira ya kuchipua. Havikaushwi. Vinapakiwa kwenye mifuko, vinawekwa kwenye ubaridi, na vikifika vinachomekwa na kupuliziwa ukungu mwepesi wa maji siku za kwanza. Vinaota kwa kiwango kikubwa sana. Kwa hivyo maji peke yake si adui.

Tofauti ni kwamba kule chombo kinapashwa joto chini, udongo hauna kimelea hata mmoja, na ule ukungu unapunguzwa mara tu kidonda kinapofunga. Hata kwenye mashamba hayo jerania hupewa ukungu kidogo kuliko maua mengine mengi. Nyumbani huna joto la chini, na huna uhakika wa udongo. Ukikausha saa 3 hadi 6 umepata kinga bila gharama. Ukikausha siku mbili kwenye sebule yenye joto umekiua.

Kuhusu homoni: si lazima. Jerania ni mmea unaotoa mizizi kwa hiari. Unga wa homoni wenye nguvu ya asilimia 0.1 unasaidia vipandikizi vyote vitoe mizizi kwa wakati mmoja, na hilo ni muhimu kwa anayeuza. Ukitumia, chovya milimita 5 tu za chini, kung'uta, basi. Ile ya asilimia 0.8 ni ya miti migumu, itachoma shina laini la jerania na utaona weusi uleule unaoulalamikia. Asali na mdalasini watu wanavisema sana. Havimpi mtu mizizi.

Na kuotesha kwenye glasi ya maji: inawezekana, mizizi inatoka, lakini ni mizizi ya majini, myembamba na inayokatika. Ukiihamishia udongoni mingi inakufa na mmea unaanza upya. Bora kuanzia kwenye mchanga.

---

Ua_la_Njiro

Asanteni sana, nimeelewa. Nina maswali mawili ya nyongeza. Mchanga nitaupata, lakini udongo wa kuhamishia baadaye uliopo karibu ni wa shamba lililokuwa na viazi mviringo mwaka jana, na kabla yake nyanya. Unafaa nikichanganya na mboji? Na nitajuaje kwamba mizizi imetoka bila kung'oa?

---

Shambani_Tukuyu

Huo udongo acha kabisa. Hapo nasisitiza.

Mnyauko wa bakteria unaoangusha viazi na nyanya, ule ambao mmea unanyauka mchana ukiwa bado kijani, unaletwa na bakteria anayeitwa Ralstonia solanacearum. Aina moja yake, inayostahimili baridi ya nyanda za juu, inashambulia viazi, nyanya na jerania vilevile. Mwaka 2003 ilikutwa Marekani kwenye jerania zilizotokana na vipandikizi vya kutoka Kenya, na bustani za kuzalisha maua katika majimbo mengi ziliwekewa karantini, mimea ikateketezwa. Hofu yao haikuwa maua, ilikuwa viazi.

Ubaya wake ni kwamba kwenye ubaridi mmea unaweza kuubeba bila dalili. Joto likipanda ndipo majani ya chini yanalegea, kingo zinageuka manjano, halafu tawi zima linaanguka. Kumwagilia hakusaidii kwa sababu mirija ya ndani imezibwa. Ukishuku, fanya kipimo kilekile cha wakulima wa viazi: kata kipande cha shina cha sentimita 5 karibu na udongo, kishikilie kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa, upande uliokatwa ukiwa ndani ya maji. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka ndani ya dakika chache, hiyo ni bakteria inatoka. Usipoona usijipe uhakika wa asilimia mia, maana kwenye jerania haujitokezi wazi kama kwenye nyanya. Hakuna dawa. Mmea, udongo na kopo vyote viondoke, na yale maji usiyamwage bustanini.

Kuna bakteria mwingine, Xanthomonas, naye hana dawa. Dalili zake ni vidoa vya milimita 2 au 3 vyenye duara la manjano, au pembe tatu ya manjano inayoanzia ukingoni mwa jani na ncha yake kuelekea katikati. Jani linalegea kama mwavuli uliofungwa nusu. Jerania zinazotambaa zinambeba bila kunyauka, kwa hiyo usizining'inize juu ya hizi za jani la mkanda. Maji yanayodondoka yatamshusha.

Tafuta udongo wa mahali pasipowahi kulimwa viazi, nyanya, bilinganya, pilipili wala mnavu. Uchekeche, uloweshe kidogo, uweke kwenye debe kuukuu lenye mfuniko juu ya moto mdogo. Ukianza kutoa mvuke kote, hesabu dakika 30, epua, uache upoe siku nzima ukiwa umefunikwa. Usiuunguze mpaka ukawa vumbi kavu, kwa sababu moto mkali unabadilisha chumvi zilizomo na mizizi michanga inateseka.

---

Kitalu_Soni (Lushoto)

Kujua kama mizizi imetoka: baada ya wiki 3 vuta kipandikizi taratibu kwa vidole viwili, nguvu ya kuinua kijiko tu. Kikikataa, kimeshika. Jani jipya si ushahidi, maana shina linaweza kuchipua kwa akiba yake huku chini hakuna kitu. Ushahidi wa kweli ni mizizi myeupe inayochungulia kwenye matundu ya chini. Hapo hamisha.

Mchanganyiko wa kuhamishia, kwa debe la lita 20: lita 10 za udongo tifutifu uliochomwa, lita 5 za mboji iliyoiva hadi haina harufu, lita 5 za pumisi au mchanga mkubwa. Chungu cha kwanza kiwe cha sentimita 10 hadi 12. Watu hupenda kukipa kipandikizi kidogo chungu kikubwa wakidhani wanakifanyia wema, lakini udongo usiofikiwa na mizizi unabaki na maji siku nyingi na mnarudi kwenye mguu mweusi. Zaidi ya hayo, jerania inachanua vizuri mizizi ikiwa imebanwa kidogo.

Kwa walio maeneo ya chai kama Tukuyu, Limuru au Usambara: udongo wetu ni mchachu. Jerania inataka pH, yaani kipimo cha uchachu, ya 6.0 hadi 6.5; namba ikishuka udongo unazidi kuwa mchachu. Ukishuka chini ya 5.8 mmea unameza chuma na manganizi kupita kiasi, na majani ya chini yanapata vidoa vya kahawia vingi kama yamenyunyiziwa, kingo zinakauka. Wengi wanadhani ni ugonjwa, wanapulizia dawa bure. Changanya vijiko vitatu vya chakula vya chokaa ya kilimo kwa lita 20, wiki mbili kabla ya kupanda.

Mmea ukifika majani 6 hadi 8, kata ncha ya juu kabisa kwa kucha. Inauma kuona, lakini bila hivyo unapata fimbo moja ndefu yenye ua juu. Ukikata, vifundo vya chini vinatoa matawi matatu au manne, na kila tawi ni ua. Mbolea anza wiki 3 baada ya kuhamisha: NPK 19:19:19 ya kuyeyuka, kijiko kimoja cha chai kwa lita 5, kila baada ya siku 10 hadi 14, kwenye udongo wenye unyevu, kamwe si mkavu. Matumba yakianza, badili uweke yenye potasiamu nyingi zaidi. Urea usiiguse. Utapata majani makubwa kama sahani na hakuna ua.

---

Upepo_wa_Bahari (Dar es Salaam)

Samahani kuingilia. Huku Dar jerania zinafika kutoka Lushoto na Arusha zikiwa nzuri mno, baada ya miezi miwili zimebaki majani, machanga yanatoka meupe. Petali nazo zinapukutika siku ya pili tu. Kuna namna? Pia wauzaji wanasema ile yenye harufu ya ndimu inafukuza mbu, ni kweli?

---

Fundi_Naivasha

Kwa Dar tuseme ukweli: unapigana na usiku, si mchana. Jerania inataka usiku wa nyuzi 13 hadi 18 ipumzike. Usiku wa nyuzi 25 unaifanya itumie chakula chote ilichotengeneza mchana, haibaki ya maua. Majani machanga kuwa meupe ni joto, hasa kwa zile zinazotambaa, na yanarudi kijani hali ikipoa. Zipe jua la asubuhi tu hadi saa 4, upande wa mashariki wa nyumba, chungu cha udongo wa kufinyangwa kisichopakwa rangi ili kipumue, na usitumie chungu cheusi cha plastiki. Juni hadi Agosti ndio msimu wako: hapo pogoa, hapo kata vipandikizi, hapo lisha. Januari na Februari punguza maji na usiweke mbolea kabisa, iache ivumilie. Mchanga wa ufukweni usiutumie, na kokopiti ya pwani ioshe mara tatu kwa maji safi kwa sababu ya chumvi.

Ile ya maua makubwa yenye doa jeusi kwenye petali, ambayo wengine huiita jerania ya kifalme, usinunue. Inahitaji wiki kadhaa za usiku chini ya nyuzi 15 ndipo itengeneze matumba. Njombe na Limuru itakupa maua, Dar itakupa majani milele. Afadhali zile za majani yenye harufu. Zinastahimili zaidi, ingawa ua lake ni dogo.

Petali kupukutika: angalia jirani yake ni nani. Jerania ni miongoni mwa maua yanayoumia upesi na gesi ya ethilini, ile inayoivisha matunda. Chungu kikiwa karibu na mkungu wa ndizi zinazoiva, maembe, jiko la mkaa au la mafuta ya taa, petali zinaachia hata kama ua ni la jana. Nyuki akishachavusha ua nalo linaachia. Aina zenye petali nyingi zilizosongamana zinadumu kuliko zenye petali tano.

Mbu: mafuta yaliyokamuliwa kwenye majani yana nguvu kiasi, na Rwanda wanalima jerania ya harufu kwa ajili ya kukamua mafuta. Lakini mmea uliokaa tu kwenye chungu hautoi mafuta hewani ya kutosha kumzuia mbu. Panda kwa harufu yake, na chandarua kibaki.

---

Shambani_Tukuyu

Kidogo kuhusu wadudu, maana hakuna aliyewagusa. Tumba lenye tundu dogo la mviringo na kinyesi cheusi pembeni ni kiwavi yuleyule anayetoboa nyanya na pamba. Yuko ndani ya tumba, dawa haimfikii. Tumbua tumba, muue. Inzi weupe na vidukari wanakaa chini ya jani, mafuta ya mwarobaini na sabuni kidogo kila siku 5 mara tatu, jioni, si juani. Na vinundu vigumu kama kigaga chini ya majani ya ile inayotambaa si mdudu wala ugonjwa: mizizi imevuta maji mengi kuliko jani linavyoweza kuyatoa, inatokea siku za mawingu na baridi. Punguza maji, majani mapya yatatoka safi.

Wenye mbwa na paka wajue kwamba majani haya yakiliwa yanawatapisha. Yainue juu.

---

Ua_la_Njiro

Nashukuru sana, nimeandika yote kwenye daftari. La mwisho: yale mawili yaliyosimama nifanye nini? Na mbegu za maua ya mmea mama zikikomaa, nikipanda nitapata rangi ileile?

---

Kitalu_Soni (Lushoto)

Mbegu hazitakupa rangi ileile. Jerania hizi ni chotara, watoto wanatoka kila mmoja na sura yake. Kama unataka kujaribu, kwaruza ganda la mbegu kidogo kwa msasa, funika kwa milimita 3 za mchanga, joto la nyuzi 21 hadi 24, itaota ndani ya siku 5 hadi 10 na kuchanua baada ya miezi mitatu au minne. Tunda lake lenye mdomo mrefu kama wa ndege ndilo lililoupa mmea jina. Kwa Kigiriki geranos na pelargos ni ndege wawili tofauti, lakini kwa Kiswahili ndege wote hao wawili tunawaita korongo. Mtaalamu wa Kifaransa L'Héritier aliitenga jerania yetu hii mwaka 1789 na kuiita Pelargonium, ila watu wameng'ang'ania jina la zamani.

Yale mawili yatoe leo, usingoje kesho. Suuza shina, kata kwa wembe safi sentimita 2 juu ya pale weusi unapoishia, uangalie ndani. Ukiona nukta au mstari wa kahawia, pangusa wembe, panda juu kifundo kimoja, kata tena, mpaka ndani pawe kijani na cheupe tupu. Yakibaki na sentimita 5 na vifundo viwili bado yana nafasi. Kama yana majani yenye doa la kutu, yabandue yote. Shina tupu linaweza kutoa mizizi na kuchipua. Yaache yakauke hadi kesho asubuhi, kisha mchanga na kokopiti, maji mara moja, bila nailoni, na yakae mbali na mmea mama. Vikopo ulivyotumia viloweke dakika 30 kwenye kipimo kimoja cha klorini ya kufulia kwa vipimo tisa vya maji, suuza, anika juani.